Filimu ya Nyuma ya Rido

Mama mukwe,

Nimekohoa kwanza. Nimesimama hapa ku mulango ya nyumba yangu mwenyewe na nimekohoa, mpaka Zaina akauliza kama ni mafua imenishika. Nikamuambia hapana, nataka kuandikia mama yako, na mukwe haingiake fasi mama mukwe iko bila kukohoa. Akacheka kidogo, akarudia kutwanga sombe yake, majani ya muhogo.

Mimi haiko mutu ya kuandika, unajua. Masomo niliacha ku primere, nikafuata wakubwa ku Salamabila kuchimba zahabu, na toka pale kalamu nashikaka tu kwa kuandika jina ya mutu ku gurudumu ameniletea kuziba, ili isipotee. Zaina njo amenisukuma. Alisema: "Ku kinywa haukumusemeshaka mama hata siku moja. Karatasi haina macho. Andika."

Ni kweli. Ulikaa kwangu hapa Kasongo mvua yote ile, tulikunywa maji ya mutungi moja, na sikukuambiaka neno hata moja yenye kukuelekea wewe. Hii barua njo ya kwanza. Naandika na kichwa chini kama niko nasimama mbele yako, na hauko hapa.

Watu wa hapa muji wengine wameacha ile mambo. Naona mutu anakaa na mama ya muke wake ku meza moja, wanachangia samaki moja, wanabishana habari ya siasa. Siwalaumu. Lakini mimi na wewe ni watu wa Lusangi. Kwetu ukikutana na mama mukwe mu njia, unaingia mu majani mpaka apite. Haumuangalie mu uso, haumuite jina, haukule mbele yake. Haiko chuki. Ni namna ya kusema: huyu amenipa kitu sitaweza kulipa.

Sasa niseme kile sikusemaka. Siku ile ulifika, nilikuwa najua umekuja juu ya nini. Zaina aliniambia mbele. Miguu yako ilikuwa inavimba, ndiyo, na lopitali ilikuwa ya lazima. Lakini shemeji Idi alikuwa amekaa hapa kwetu wiki moja, akarudia kule na habari kama nyumba yangu iko kimya sawa makaburi, kama mimi ni bubu, kama dada yake atakauka humu kama muhogo ku jua. Nawe ukamuambia Zaina ku telefone: nakuja kuangalia, na nikikuta ni kweli, nitarudi na wewe.

Idi hakusema uongo. Nilimuambia karibu, na siku ya kwenda nikamuambia safari njema, katikati hakuna. Hata ku ndoa yetu rafiki yangu njo alijibu pa fasi yangu. Maneno iko mu kifua, lakini ikifika hapa ku koo inaona watu, inarudia.

Basi tukakupa chumba, sisi tukalala mu salo, chumba ya wageni. Chumba haina mulango ya mbao, iko na rido tu, pazia ile ya maua mekundu Zaina alishona. Na televizyo yangu, ile nilinunuaka na zahabu ya mwisho ya Salamabila, pamoja na pano ya kuvuta umeme ya jua na batri, nikaifunika na kitambaa. Nilisema, mama mukwe iko mu nyumba, si vizuri kuleta makelele ya watu uchi-uchi na bunduki.

Lakini Mama, ile kimya! Kijiko ikigusa sahani, nasikia. Wewe ukigeuka ku kitanda, nasikia. Nilikuwa najua nyuma ya rido uko unapima. Kila magaribi bila neno ilikuwa kama jiwe moja unaweka ku mizani ya Idi. Nikitaka kusema kitu kwa Zaina, nawaza: mama mukwe atasikia sauti yangu ni ya mupumbavu. Naacha. Jiwe ingine.

Mutoto wetu Amuri njo alivunja ile kimya. Mutoto ya miaka tatu hajui bukwe, ile adabu ya mukwe na mama mukwe. Alilia televizyo mpaka nikaiwasha na sauti chini. Filimu ya Wanaijeria, mwanamuke analia mu jiko mukubwa. Zaina alikuwa nje ku makaa. Nikasikia sauti yako toka nyuma ya rido, pole-pole:

"Amuri, muulize baba yako, ule mwanamuke analia nini?"

Nilikuwa nimeketi, lakini ni kama nilisimama. Amuri akaniuliza vile wewe, koko yake, nyanya yake, ulimutuma, neno kwa neno. Ningeweza kusema sijui, na ingekuwa kweli, sababu Kiingereza sisikie hata kidogo, na Kifaransa yangu ni ya kuomba vis za pikipiki na mafuta. Lakini nikamuangalia muzuri ule mwanamuke. Nikasema:

"Amuri, ambia koko, halii na huzuni. Analia na hasira. Meno imefungana. Bwana yake amerudi na shati mupya yenye yeye hakununua."

Ukasema "Aaa." Kisha: "Amuri, na bwana iko wapi sasa?"

Vile njo tulianza.

Wewe haukuonaka kazi yangu kule ku barabara, niruhusu nikueleze, sababu filimu na kwado, kuziba mipira, ni kazi moja. Mutu anakuletea mpira ya pikipiki imetoboka. Tundu haionekane. Unapiga hewa, unaitia mu beseni ya maji, unazungusha pole-pole, unaangalia fasi gani maji inatoa vitoto-vitoto vya hewa. Pale njo tundu iko. Na watu wa filimu vile-vile. Anacheka, anasema maneno mingi, lakini kuko fasi hewa inatoka: kidole, shingo, namna ya kuweka kikombe. Mimi maneno yao sikusikiaka, nilikuwaka naangalia fasi hewa inatoka, na nakuambia ile.

Nakuambia wewe, kwa kumuambia Amuri. Amuri akilala ku miguu yangu, naambia Amuri mwenye kulala. Na siku ile Zaina alimubeba ku soko, unakumbuka, tukabaki mimi na wewe na ile kuku ilikuwa inalalia mayai ku pembe ya salo. Nilikaa mu woga mukubwa. Kisha nikasema: "Kuku, ambia koko, akteri amefika ku muto, daraja imevunjika." Nawe ukajibu, sauti ya mutu mukubwa kabisa, bila kucheka: "Kuku, muambie apite chini, maji ya kiangazi ni kidogo."

Ulinifanya nione filimu na macho ingine. Mbele, sisi vijana tulikuwa tunaangalia tu akteri, ule shujaa, na shefu-bandi, mukubwa wa wabaya. Akteri hafake, tunajua, tunangojea tu apige wote. Wewe ukauliza, juu ya nini risasi yote inamupataka ku bega? Kila filimu, ku bega. Ukauliza wale wengine wanaoanguka, nani anawazika, na kama shefu-bandi haina mama wa kupelekewa habari. Na ile ya chakula. Watu wa filimu wanapanga meza, wali, kuku muzima, wanakula vijiko mbili, wanagombana, wanasimama. Ukasema: "Amuri, na ile chakula nani amekula?" Toka siku ile sikuone tena ugomvi wao. Naangaliaka sahani.

Nilikuwa nakuleteaka pia habari ya ma-vedeti, wale watu wa jina kubwa. Ku kazi yangu vijana wanangojea mpira yao na telefone mu mukono, wanajua yote: ule aktrisi ameachana na bwana wa tatu, ule mucheza-filimu amenunua gari ya rangi ya zahabu, ule mwimbaji amelala lopitali na picha yake ya kitanda imetembea dunia nzima. Nilikuambia kupitia Amuri. Wewe ukauliza kitu moja: kama ule aktrisi mama yake iko. Niliuliza vijana kesho yake. Wanajua bei ya viatu yake, lakini kama mama yake iko, hakuna alijua. Ukasema, maskini, watu wote hawa wanamuangalia na hakuna hata moja anaingia mu majani.

Mi niliwaza ile neno siku mingi.

Sasa nifike ku ile serye. Najua kule uko unacheka.

Kijana wa kujaza filimu ku flashi kule soko alinipa sehemu nyingi-nyingi za hadithi moja. Kuko kijana, shofere wa gari mu nyumba mukubwa. Na kuko mama mwenye nyumba, mutu muzima, tajiri, anavaa shanga. Mama akipita, kijana anainamisha kichwa. Wakikutana ku ngazi, kijana anajibandika ku ukuta, anageuza uso. Mama akikaa kula, kijana anatoka. Siku moja mama aliangusha kitambaa, kijana akaiokota, akaiweka ku kiti ili mikono isigusane. Nikakuambia bila wasiwasi yoyote: Amuri, ambia koko, ule mama ni mukwe yake. Ingekuwa nini tena? Nani mwingine mutu anaweza kumuogopa vile?

Ulifurahi, Mama. Ulisema, kumbe hata Wanaijeria wako na adabu. Ulisema ule kijana amelelewa. Ukamupa jina, Mukwe Muzuri, na kila magaribi, hata mbele ya dawa, sauti inatoka: "Amuri, Mukwe Muzuri ameamuka namna gani?" Nami nakaa wima ku kiti. Nilikuwa nasikia kama sifa yake inapitia kwangu kidogo. Idi anapiga telefone kila juma, anauliza miguu inaendelea namna gani, na pikipiki alete ya mutu moja ao ya watu wawili, wewe unamujibu ngoja. Nami nawaza, kama Mukwe Muzuri anaendelea hivi, labda mawe inatoka ku mizani.

Miguu ikapona. Dogta akasema unaweza kurudi. Na serye ikafika ku mwisho yake.

Ilikuwa kisha sala ya magaribi. Zaina iko nje anakaanga samaki. Kijana amevaa koti nyeusi na tai. Nikasema, Amuri, ambia koko, Mukwe Muzuri amevaa kama mutu ya kilio. Mama mwenye shanga anashuka ngazi. Nikasema, mukwe yake anashuka. Lakini kijana hakuinama. Alimuangalia wima. Ile ikanitia wasiwasi kidogo, nikasema labda ni siku ya kufungua macho, mukwe anaruhusiwa kumuangalia mama mukwe, labda alikwisha kutoa mbuzi. Ukasema: "Eee, vizuri, wakati imefika." Akapiga magoti. Nikasema, anapiga magoti, anashukuru. Akatoa kisanduku, ndani pete. Nikasema, ni pete, labda... labda ni ya binti yake, anairudisha itengenezwe.

Akaivalisha ule mama ku kidole.

Muziki ikaanza, ile ya vinanda mingi. Wakasogeleana. Wakasogeleana tena. Mama mukwe! Nilikuwa nimekuambia wiki na wiki kama ule ni mukwe na mama mukwe, na wewe ulikuwa umemupenda, na sasa nione vile nyuso zao zinaendea!

"Amuri," ukasema, "sasa wanafanya nini?"

Amuri akaangalia televizyo. Akafungua kinywa. Mutoto alikuwa na macho yake mwenyewe, alikuwa anataka kujibu pasipo mimi. Nikamukimbilia mbele:

"Amuri, ambia koko batri imekwisha."

Na ile muziki inaendelea kupiga. Vinanda yote, nyumba nzima inajaa. Telekomande ya kufunga televizyo nilikuwa nimeikalia, sikujua.

Mu kichwa nikaona kesho. Niliona pikipiki ya watu wawili. Niliona Zaina ku nyuma na kifurushi ku mapaja, Amuri katikati. Nikasema mu roho, hapa mawe yote imerudia. Mukwe amekalisha mama mukwe mu nyumba, amemulisha filimu ya mukwe kuoa mama mukwe, kisha amemudanganya mbele ya vinanda.

Kisha nyuma ya rido kuko kitu kama kikohozi. Nikafikiri kifua. Kisha kitanda ikalia. Kisha nikajua ni kicheko. Ulikuwa umekikamata, ukashindwa, kikatoka yote pamoja kama maharagi inamwangwa ku lungo ya kupepetea. Zaina akaingia mbio na kijiko ya mafuta mu mukono, alifikiri unakata roho. Anauliza kuko nini, kuko nini. Hakuna mutu anaweza kumujibu. Wewe ukajaribu, ukasema "batri," ukaanza upya. Nami nikaingiza uso mu shati ya Amuri nikacheka mpaka machozi. Ilikuwa mara ya kwanza Zaina anasikia mimi nacheka na sauti. Aliniambia kisha: nilisimama pale na kijiko, sijui niangalie rido ao nikuangalie wewe.

Asubuhi Idi akafika. Mi nilikuwa nyuma ya ukuta, upande ya choo, fasi mukwe anangojeaka mama mukwe atoke. Nilikuwa nimeshika ukuta na mikono mbili. Nilisikia unafunga kifurushi. Nilisikia Idi anauliza Zaina, vitu yako iko wapi. Zaina alikuwa anakungojea wewe useme. Kisha ukatoka nje ku uwanja, ukasema na sauti ya nguvu, sauti ya kuvuka ukuta:

"Amuri, ambia baba yako naenda mi peke yangu. Na anunue batri ingine."

Idi alifikiri unasema juu ya batri. Mi nilibaki nyuma ya ukuta mpaka pikipiki haisikike tena.

Habari ya kifo chako ilinikuta na mpira mu beseni. Sitaandika mingi juu ya ile siku. Tulikuja na pikipiki, njia ilikuwa matope, tulifika mbele hawajakubeba. Kazi ya mukwe kwetu ni kuchimba, nikachimba. Udongo ya Lusangi ni mwepesi pale juu, chini ni kokoto. Nilisikia mutu anasema, bubu anachimba muzuri. Sikukasirika. Amuri aliniuliza kama koko hakuwa akteri. Nilimubeba ku bega, nilimuonyesha namna maji ya mvua inapita mbali na wewe, sababu nilichimba mufereji ipite mbali.

Sasa nikupe habari ya hapa, ni muzuri kuliko ile.

Zaina iko muzuri. Ile neno ya batri ameipeleka ku kisima, ku soko, ku mashamba, mpaka ku Nyangwe kwa rafiki yake wa samaki. Siku moja mwanamuke simujui alisimama mbele ya kazi yangu, akaniangalia, akauliza: "Wewe njo wa batri imekwisha?" Nikainamia beseni. Akasema, hata sisi tunataka kuambiwa filimu. Magaribi yake wakafika watatu, kila moja na kiti yake. Siku hizi wanajaza salo, wengine ku dirisha. Nawaambia filimu. Namna gani? Nakaa mu chumba chako, nyuma ya rido, nimetoboa ka-fasi kadogo ka kuangalilia. Wao wako mbele wanaona, mi nasema toka nyuma. Uso yangu haionekane, maneno inatoka yenyewe.

Mwenye sine ya kartye, nyumba ya filimu ya mutaa wetu, alisikia, akaniita niseme filimu ku mikro yake ya kukuza sauti, mbele ya watu. Mara ya kwanza nilisimama pale, nikaona macho, maneno ikakauka. Vijana wakaanza kupiga miluzi. Nikamuomba mwenye sine rido. Akacheka, akasema sijaona mutu anaomba rido juu ya kuwa vedeti, lakini akafunga shuka. Sasa naendaka kila juma ya pili. Kuko watoto wananiita akteri mu njia. Mi naingia mu majani. Nimejifunza pia: kijana akiinamisha kichwa mbele ya mama, sisemi tena mukwe. Nangojea kwanza.

Idi pia amebadilika. Arobaini yako ilipofika, tulikuja wote. Baba mudogo ya Zaina akapokea kitenge na kuku toka kwangu, akasema mbele ya ukoo: sasa macho yako iko wazi, unaweza kumuangalia hata mu picha. Idi akatoa telefone yake. Alikuwa amekukamata mu video mwezi moja mbele ya kufa kwako, haukujua. Hakuionyesha kule, telefone ni ndogo na watu ni wengi. Alikuja nayo mpaka Kasongo, akaipitisha ku flashi, akaiweka ku televizyo yangu.

Mama mukwe, ulikuwa mu televizyo yangu.

Ruhusa nilikuwa nayo. Watu wote walikuwa wananiangalia, wanangojea nikuangalie. Nikasimama, nikatoka, nikakaa chini ya dirisha, mugongo ku ukuta.

Nilisikia yote. Uko unaambia wanawake wa Lusangi ile serye, toka kitambaa ilianguka mpaka pete. Umeongeza vitu mimi sikuonaka. Wanapiga makofi. Moja anauliza, na ule mukwe wako bubu, aliponea wapi? Nikasikia unasema:

"Bubu ni nyinyi. Ule kijana anaona mutu mpaka ndani, ni mudomo tu inachelewa. Mutoto wangu Zaina iko fasi yake."

Zaina akaniita toka ndani: kuja umuangalie mama. Nikasema, niambie tu. Nafikiri alishangaa, kisha akaanza kuniambia. Umekaa ku mukeka. Unapasua karanga. Kitambaa ni ya bluu, imeteleza ku sikio. Unacheka, na jino moja ya mbele haiko. Ile jino sikuijuaka. Nilifurahi nayo kama mutu amenipa zawadi.

Wale wa filimu nawajua uso mpaka alama ya kidevu. Nikikutana nao mu njia nitawaita jina. Lakini nikiwa na shida hakuna hata moja ya kunifikiria. Wewe uliniondolea shida kubwa ya maisha yangu, na mi sikujua hata rangi ya macho yako. Sikutaka ukae mu ile televizyo pamoja nao, siku moja wewe, siku moja wao, mutu anafunga na telekomande. Idi aliuliza kama nimekasirika. Zaina akamujibu pa fasi yangu: hapana.

Lala muzuri, Mama. Wasalimie wote walitangulia. Mashamba yako Idi analima, karanga imetoka.

Na kitu cha mwisho, Zaina amesema niandike mimi mwenyewe. Tumbo yake ni ya miezi mitano. Akiwa musichana, atabeba jina lako, wakubwa wamekwisha kubali, na kwetu mutoto akibeba jina, na uso unamufuata. Jina sitaweza kuliita, nitamuita Mama Mukwe, na watu watacheka wakisikia baba anaita mutoto mudogo vile. Lakini naahidi hii: siku ile wataniletea yeye mu kitambaa, sitageuka, sitaingia mu majani, sitaomba mutu aniambie. Nitamuangalia mpaka yeye njo ageuze uso.

Mukwe wako,
baba ya Amuri